Filimbi ya Kuchukua Dago

Familia ya mjini inapofunga mizigo kwa ajili ya siku mbili tatu za kulala nje, vitu vinavyopakiwa aghalabu huwa vile vile: turubai, sufuria, kibiriti, mchele, dawa ya mbu, na simu tatu au nne zilizojaa muziki. Usiku wa kwanza simu hizo huimba zote kwa pamoja, kila moja wimbo wake. Usiku wa pili huwa kimya, kwani chaji imekwisha na nyumba yenye umeme iko mbali. Hapo ndipo watoto huanza kuuliza watarudi mjini lini.

Makala haya yanakuomba uongeze kitu kimoja katika mzigo wako, chepesi kuliko jozi ya viatu, kisichohitaji chaji wala betri. Kitu hicho ni filimbi. Kwa bahati mbaya lugha yetu imelipa neno hili mizigo miwili: filimbi ni ile ya refa uwanjani, na filimbi vile vile ni bomba lenye matundu ambalo mtu hulipuliza na kulichezea vidole likatoa wimbo. Hapa tunasema juu ya hiyo ya pili. Ya refa nayo tutaigusa baadaye, maana nayo ina kazi yake.

Tumechagua kisiwa cha Pemba kwa sababu ya uzuri wake, na pia kwa sababu Wapemba hawakungoja mtalii aje kuwafundisha kupiga kambi. Wavuvi wa kisiwa hicho, na hasa wale wa Kojani, wanajulikana mwambao mzima kwa desturi ya kwenda dago: huacha nyumba zao wakafuata upepo, bamvua na samaki, wakapiga kambi katika visiwa vidogo na pwani za mbali, hata upande wa bara na Kenya, kwa majuma au miezi. Upande wa nchi kavu ziko kambi za karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya zao hilo imekuwa ikitoka Pemba. Msimu unapokuwa mkubwa mikono ya kijiji haitoshi. Watu hutoka mahali pengine wakakaa kambini, mchana wakichuma na usiku wakichambua karafuu kutoka katika vikonyo vyake kwa mwanga wa taa.

Mwenye kutaka kujua kipi kinafaa kuchukuliwa kambini na kipi hakifai, na autazame mzigo wa mtu wa dago. Vitu vyake ni vichache, na kila kimoja kinastahimili maji ya chumvi, mchanga, jua kali na mvua isiyotangaza ujio wake. Tena ni vitu ambavyo kimoja kikianguka baharini, mwenyewe husikitika kidogo kisha akaendelea na kazi. Filimbi ya safari nayo ipimwe kwa mizani hiyo hiyo.

Ala zisizofaa kusafirishwa

Pemba si ngeni wa ala za kupuliza. Zumari ndiyo inayochangamsha mchezo wa ng'ombe, ule mchezo mashuhuri wa kisiwa hicho ambao watu wengi huunasibisha na Wareno. Na zumari hiyo hiyo husikika katika ngoma ya kirumbizi, ambamo wanaume huchezeana fimbo. Lakini zumari haifai kambini kwa sababu mbili. Ulimi wake wa jani ni dhaifu, ukivunjika ala nzima imenyamaza. Na sauti yake imeumbwa kutawala uwanja uliojaa watu. Ukiipuliza kando ya hema alfajiri, jirani zako hawatakusamehe.

Nai, ambayo imepamba taarabu ya mwambao, ni tete jembamba linalopulizwa kwenye ukingo wa juu. Mwanafunzi huweza kukaa siku nyingi kabla ya kupata hata sauti moja iliyo safi, na tete lenyewe hupasuka likikanyagwa au likilaliwa. Ama filimbi ya madini ya orkestra, ile ambayo Mjerumani Theobald Boehm aliikamilisha mwaka 1847, ni mashine ndogo yenye vifuniko, springi na skrubu. Chini ya vifuniko hivyo mna vipande laini vinavyovimba kwa unyevu. Chembe moja ya mchanga wa Vumawimbi ikiingia katika maungio, fundi wa kuirekebisha huenda asipatikane hata Dar es Salaam.

Na mwanzi je? Wengi watajibu kwamba filimbi ya mwanzi ndiyo ya asili yetu, na wanasema kweli. Ng'ambo ya mlango wa bahari wa Pemba, Wadigo na jamaa zao Wamijikenda wanayo chivoti, filimbi ya mwanzi yenye matundu sita ya vidole, inayoshikwa kwa ubavu. Ni ala nzuri mno, na anayejua kuichonga anastahili heshima. Ila mwanzi una ugonjwa mmoja. Pumzi ya mpulizaji ina joto na maji. Maji hayo hujikusanya ndani ya mwanzi na kuuvimbisha, huku jua la nje likiukausha na kuukaza. Ndani unataka kutanuka, nje unataka kusinyaa. Baada ya siku chache za kupulizwa asubuhi na kuachwa juani mchana, husikika mlio mmoja mkavu, na ufa umekwisha kupita kutoka tundu hadi tundu.

Atakaye kuchukua mwanzi na aufunge mapema kwa mshipi wa kuvulia, mizunguko kumi au zaidi iliyobana katika kila ncha na katikati ya matundu, kisha aupake mafuta kidogo ya nazi kwa ndani na kuuacha upumzike siku mbili. Mshipi hauzuii mwanzi kupata homa, lakini huuzuia usipasuke upesi. Filimbi ya mwanzi uliyoachiwa na babu au mjomba, hata ukiifunga kwa mshipi wa papa, iache nyumbani.

Bomba la fundi bomba

Tunafika kwenye filimbi ambayo makala haya yanaisifu, na pengine utacheka. Ni bomba la plastiki, lile gumu jeupe au la kijivu la maji la nusu inchi, au jembamba la kupitishia nyaya za umeme ukutani. Mabaki yake hutupwa kila mahali panapojengwa nyumba. (Ule mpira mweusi unaolazwa ardhini haufai, ni mlaini na hupinda.) Bomba hili halipasuki kwa unyevu, halili chumvi, huoshwa kwa sabuni, na mtoto akilikalia linanyanyuka naye.

Wako wanaodhani kwamba sauti ya filimbi hutoka katika ubao au madini yake. Kinachoimba hasa ni mkuo wa hewa uliomo ndani. Pumzi hukata ukingo wa tundu, hewa ya ndani hutikisika, na urefu wa mkuo huo ndio unaoamua sauti iwe nene au nyembamba. Ukifungua tundu umeufupisha mkuo, na sauti imepanda. Ndiyo maana mifupa ya ndege, mianzi, bati na plastiki vyote vimekubali kuwa filimbi. Katika Ujerumani imefukuliwa filimbi ya mfupa wa tai mzoga iliyopita miaka 35,000. Katika miaka ya 1950 vijana wa mitaa ya Johannesburg walipuliza filimbi za bati za bei ndogo, zilizokusudiwa kuwa vitu vya kuchezea, wakaitoa kwela iliyovuma duniani. Spokes Mashiyane alikuwa mmoja wa mabingwa wao. Sijasikia mtu akimdharau kwa sababu ya bati lake.

Kazi ya kuitengeneza inamalizika kwa alasiri moja, na ni vema ifanywe na mzazi pamoja na watoto. Kata bomba kwa msumeno, urefu wa sentimita 44 hivi, ulainishe ncha kwa msasa. Chonga kizibo cha mti laini kinachobana, ukisukume ndani ya ncha moja. Toboa tundu la kupulizia kwa keekee, upana wa milimita 10, na uhakikishe kwamba kizibo kinaishia karibu na tundu hilo, umbali ulio sawa na upana wa ndani wa bomba ukipima kutoka katikati ya tundu. Kutoka hapo hadi ncha iliyo wazi pabaki kama sentimita 40. Kabla ya kutoboa tundu jingine lolote, jifunze kwanza kulitoa bomba sauti.

Namna ya kupuliza ni ile ya mtoto anayepuliza mdomo wa chupa. Midomo ikazwe kidogo, pumzi ndogo ielekezwe ng'ambo ya tundu na kugonga ukingo wa pili. Wanaoanza hupuliza kwa nguvu za mfua chuma, wakapata kizunguzungu na upepo mtupu. Punguza pumzi. Kichwa kikizunguka kaa chini, pumzika dakika chache.

Bomba likishaimba, ongeza matundu sita ya vidole, moja baada ya jingine, ukianzia lile lililo mbali na mdomo. Anza na tundu dogo, la milimita 5 au 6, pale kidole kinapofika bila taabu. Puliza, sikiliza, linganisha na wimbo unaoujua. Sauti ikiwa chini kuliko inavyotakiwa, litanue tundu kwa tupa nyembamba na itapanda. Ukipitiliza, ziba sehemu ya tundu kwa nta ya nyuki ili irudi chini. Huenda bomba la kwanza likaharibika. Ni bomba tu. Kata la pili.

Onyo moja hapa si la mzaha. Mafundi wa mianzi hutoboa kwa msumari uliopashwa moto, na kwa mwanzi njia hiyo ni njema. Usiitumie kwa plastiki hii. Inapoungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma macho, koo na mapafu, na watoto ndio huinama karibu zaidi kutazama. Tumia keekee, au ncha ya kisu kwa subira. Kwa sababu hiyo hiyo filimbi iliyovunjika isitupwe katika moto wa kambi.

Bomba lina adui mmoja, nalo ni joto. Ukiliacha nyuma ya kioo cha gari juani, au kando ya mafiga, hulegea na kupinda kama mhogo. Usilioshe kwa maji ya moto. Utaona pia kwamba sauti yake adhuhuri iko juu kidogo kuliko alfajiri, kwa kuwa mwendo wa sauti huongezeka hewa inapopata joto. Filimbi mbili zilizo mahali pamoja hupanda pamoja, basi haidhuru.

Katika familia yenye watoto wanne ni afadhali kila mtoto awe na yake, yenye alama yake ya rangi. Mafua ya kambini hayahitaji kusaidiwa.

Mahali pa kupuliza na mahali pa kunyamaza

Pemba ina urefu wa kilomita zipatazo 67, vilima vingi na watu wengi. Ni vigumu kupata mahali ambapo hapana mwenyewe. Hivyo mgeni anayetaka kulala pwani asianze kwa kusimamisha hema. Aanze kwa sheha wa mahali hapo.

"Asalaam aleikum, mzee. Sisi wageni, tumetoka Dar es Salaam na watoto wetu. Twaomba idhini ya kulala pwani usiku mmoja."

"Aleikum salaam. Karibuni. Mna nini zaidi?"

"Tuna vifilimbi vya watoto, mzee. Tukiambiwa tunyamaze, tutanyamaza."

Mazungumzo kama hayo, hata yakichukua nusu saa na kikombe cha kahawa, humwondolea mgeni mashaka mengi ya usiku. Wengi wa wenyeji ni Waislamu, na wako wacha Mungu ambao hawapendi ala za muziki karibu na nyumba zao. Adhana ikisikika, filimbi iwekwe chini bila kuambiwa. Baada ya sala ya Isha kijiji hulala. Mwezi wa Ramadhani achia filimbi mjini kabisa.

Tena ipo imani, na si ya Pemba peke yake, kwamba kupiga mluzi usiku huita nyoka au viumbe vingine visivyotakiwa. Msomaji aliyesoma sayansi ataguna. Na agune kimya kimya, maana yeye ndiye mgeni. Bibi aliyekupa maji ya kisima chake akikuambia usipulize gizani, jibu lake ni "ndiyo, bibi".

Kaskazini, kupita Konde, uko msitu wa Ngezi, mabaki ya misitu iliyoenea kisiwani kabla ya mashamba. Ndani yake huota mpapindi, mtende wa Pemba, na ndani yake huishi bundi wa Pemba, ambaye hapatikani po pote pengine duniani. Mlio wake ni "hu" moja fupi, kisha kimya, kisha "hu" nyingine. Anayetembea Ngezi na filimbi mdomoni hatamsikia kamwe. Vilevile ndani ya msitu huo mna mahali ambapo wenyeji hufanya matambiko, nawe hutayajua usipoambiwa. Shauri letu ni kwamba ndani ya msitu filimbi ikae mfukoni. Ukitoka upande wa pili, ukafika kwenye mchanga mrefu wa Vumawimbi ambako mawimbi yenyewe yanavuma, hapo puliza utakavyo. Watoto wangu walitembea kutoka huko kuelekea mnara wa taa wa Ras Kigomasha bila hata mmoja kuomba kubebwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na zamu ya kuongoza msafara kwa wimbo wake. Nyimbo zenyewe zilikuwa tatu, na mbili kati yake zilifanana.

Huko Kidike wanalala popo wakubwa wa Pemba, wale wenye mbawa zinazofikia zaidi ya mita moja na nusu. Katika miaka ya 1980 walikaribia kumalizika kwa kuwindwa, wakarejea baada ya vijiji vyenyewe kuamua kuwalinda. Mchana ni wakati wao wa kulala. Mtoto atashawishika kuwapulizia ili aone wakiruka kwa mamia. Mzuie, kwani kila wanaporushwa hupoteza nguvu, na majike hubeba watoto vifuani. Katika magofu ya Ras Mkumbuu, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, nadhani hakuna haja ya kueleza.

Na Misali? Wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika kwao akaomba msala wa kusalia, ukakosekana, akasema kisiwa kile kidogo kitakuwa msala wake. Ndipo jina likapatikana. Kisiwa hicho ni dago la wavuvi tangu zamani na kimekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1998, hivyo usipange kulala huko bila kuuliza wanaohusika. Ukifika kwa mchana mmoja, wavuvi waliokesha baharini watakuwa wamelala vivulini. Nenda upande mwingine wa kisiwa.

Ishara za kambi

Filimbi yaweza pia kuwa sauti ya mzazi. Kabla ya watoto kutawanyika, kubalianeni: mlio mmoja mrefu ni kuja kula, milio miwili ni kila mtu aseme alipo, milio mitatu, ikirudiwa, ni hatari. Tatu hutumika mahali pengi duniani kama wito wa msaada, basi isifanyiwe mchezo. Jaribuni mapema, mchana, ili mwone sauti inafika wapi. Utashangaa jinsi mawimbi yanavyoimeza, hasa ile nene. Penye mvumo wa mawimbi sauti za juu husikika vyema zaidi. Kwa ajili hiyo kila mtoto avae shingoni ile filimbi nyingine, ya refa. Hiyo haina wimbo, lakini hupenya.

Njiani, ndani ya boti ya kwenda Mkoani, maji ya chumvi huruka na mizigo hurushwa. Tia filimbi zote ndani ya kipande cha bomba pana chenye vifuniko, au zifunge katika kanga kuukuu katikati ya nguo. Chukua ufito wenye kitambaa cha kukaushia ndani kila jioni, kipande cha nta, na kizibo kimoja cha akiba, kwa kuwa kizibo ndicho cha kwanza kuchomoka, na watoto wakishakichomoa hukitupa majini waone kama kinaelea.